Mume wa Kwenye Blogu

Mwaka ule wa 2017, watu wa avenyu moja ya Kalemie, ile inayoteremka kutoka kituo cha reli kuelekea ziwani, walikuwa na maadui wawili. Wa kwanza ni vita, vilivyokuwa vikiunguza vijiji upande wa Niemba na kuwamwaga wakimbizi mjini kila juma. Wa pili ni mtu asiyejulikana aliyekuwa akiwaandika kwenye mtandao. Na nisiseme uongo: huyu wa pili ndiye aliyezungumzwa zaidi.

Blogu yake iliitwa Barazani Kwetu, na mwandishi alijiita Mama Fulani, basi. Juma hadi juma Mama Fulani alisimulia jinsi Papa Maliki, shefu, yaani mkuu wa avenyu, alivyofungua mikutano ya usalama kwa filimbi ya refa, na jinsi siku moja alivyompulizia mkwe wake mwenyewe kwa kosa la kusema bila ruhusa. Alisimulia jinsi Mama Florentine, kiongozi wa kwaya, alivyofunga siku ishirini na moja kuiombea nchi amani, na jinsi kila saa nne asubuhi alivyonunua mikate ya mafuta "kwa ajili ya wageni." Wageni hao hakuna aliyewaona wakiingia wala wakitoka.

Papa Maliki aliapa kumpata mwandishi hata kama amejificha chini ya ziwa. Mama Florentine alimwombea mwandishi huyo kwa jina la Mama Fulani, kwa sauti, kila Jumapili, maombi ambayo mimi nisingependa kuombewa.

Sasa nikuambie ni nani, maana mimi si kama yeye, siwezi kuficha kitu. Alikuwa Mama Émérence, mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenye ile sekretaria karibu na kituo: chumba kimoja, kompyuta moja, na mashine ya fotokopi yenye kikohozi. Watu wa avenyu walimletea barua zao azichape, za mapenzi na za mashtaka. Na wale wasiokuwa na mtandao kwenye simu walimwendea yeye huyohuyo awatolee Barazani Kwetu kwenye karatasi, wapate kujua wametukanwaje. Émérence aliwatolea, akawapa, akatikisa kichwa.

"Huyu muntu hana hata haya," alisema.

"Akikamatwa, Mungu wangu!" walisema wateja.

"Akikamatwa, muniite. Miye njo nitamupiga wa kwanza."

Blogu hiyo alifunguliwa na binti yake Myriam aliyekuwa akiishi Lubumbashi. Baada ya kufiwa na baba yake, Myriam alikuwa akipigiwa simu na mama mara tano kwa siku, na mara zote tano ni habari za majirani. "Mama," alisema mwishowe, "hayo yote uandike, nitasoma." Émérence akaandika. Mara akasoma Myriam, wakasoma rafiki zake Myriam, wakasoma watu wa Kalemie waliotawanyika Uvira na Kigoma na kwingine, na kila mmoja akaacha chini maneno ya kucheka.

Alichokipata humo si kidogo. Kabla ya blogu alikuwa ameanza kuzungumza na mashine ya fotokopi, tena mashine ikimjibu. Baada ya blogu alitembea njiani kama mtu aliyebadilishiwa macho: kila kofia, kila mwendo, kila ugomvi wa ndoo bombani ulikuwa na kazi. Akaanza tena kula na kushiba. Na jambo ambalo hakulitazamia, akaanza kuwapenda majirani, kitu ambacho miaka ishirini ya kukaa nao haikuwa imekifanya. Huwezi kumtazama mtu kwa makini kiasi hicho, hata kwa nia ya kumcheka, usimzoee moyoni.

Alikuwa na sheria moja tu: vita visiingie. Kutwa nzima vidole vyake viliandika vita. Natafuta mtoto wangu, natafuta mama yangu, nilimwacha mgonjwa njiani, mwenye habari anijulishe. Akimaliza kuchapa hayo alifungua Barazani Kwetu akaandika juu ya filimbi ya Papa Maliki, na hapo ndipo alipopumua. Chumba kimoja kisicho na vita, alisema, si dhambi.

Miongoni mwa hao wa matangazo alikuwamo Michel, mkulima wa Niemba. Kijiji chao kiliposhambuliwa, yeye alikuwa kwenye kinu cha kusagia unga na mkewe Noëlla alikuwa shambani. Kila mmoja alikimbia kutoka pale alipokuwa, na tangu siku hiyo, miezi saba, walikuwa hawajaonana. Michel alilala kambini pembeni ya mji. Kila asubuhi alikuja mjini kuuliza bandarini na sokoni, kisha akapita kwa Émérence kumsalimu, na mara mojamoja kuchapisha tangazo jipya, kwa sababu la zamani limeloa au limebandikwa juu yake jingine.

Siku ya kwanza kabisa walipoulizana koo, ilibainika kwamba Michel ni wa ukoo wa Chui na Émérence ni wa ukoo wa Mbuzi. Basi mambo yakawa mepesi. Chui na Mbuzi ni watani tangu enzi za mababu: hutukanana msibani, hunyang'anyana kofia njiani, na mwanamume wa huku humwita mwanamke wa kule mke wake, wala hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye anayelipa kuku.

"Mbuzi weye, bado haujachinjwa?" Michel alisalimia mlangoni.

"Chui ya bila meno, ikaa chini usianguke."

"Muke wangu, leo umenipikia nini?"

"Sumu, mume wangu. Ngoja ipoe."

Mafundi wa baiskeli wa ng'ambo ya njia waliacha kazi wakasikiliza. Michel alicheka hadi machozi, kisha akatoa mfukoni karatasi yake, na Émérence akaandika kwa mara nyingine jina la Noëlla, urefu wake, na kovu la mkono wa kushoto.

Uchokozi wa Émérence ndio uliomponza. Siku moja mwezi wa tisa, akiwa hana habari ya avenyu ya kuandika, maana Papa Maliki alikuwa na homa na Mama Florentine alikuwa amesafiri, Mama Fulani aliandika hivi: "Wasomaji, furahini, nimepata mume. Anaitwa Michel, ametoka Niemba. Anatia chumvi kabla ya kuonja. Anabishana na redio mpaka redio inanyamaza. Akitaka kuanza kazi yoyote, hata kufunga kamba za viatu, sharti kwanza aimbe ubeti wa wimbo wa kanisani, na ubeti wenyewe anaukosea. Kila asubuhi ananiuliza nimempikia nini, nami namjibu vizuri, kama mke mwema."

Walicheka hadi Lubumbashi. Hakutaja kwamba ni utani. Nani hutaja? Ukisimama mbele ya watu ukamtukana mtani, watu wanakuona, wanajua baba yako nani, wanajua ukoo wako, wanacheka. Émérence alisahau kitu kimoja tu, kwamba Mama Fulani hana baba wala ukoo.

Jumatano asubuhi alikuta chini ya habari ile maneno ya mgeni.

"Mama Fulani, mimi ni Yasmine, muuza samaki wa Zongwe. Hapa kwetu mtandao unakamatika juu ya kilima tu, nami huwapandisha watu nikawasomea, tukacheka. Jana nimesoma habari za mume wako, na mama mmoja wa Niemba anayeanika samaki kwangu amekaa chini ghafla. Anasema nikuandikie hivi: Chumvi ni ile, redio ni ile, ubeti ni ule. Mwambie Michel kwamba mke wake wa kwanza hakufa. Lakini sina ugomvi na mke mwenzangu. Jumamosi kuna boti ya Kigoma, navuka kwenda kwa kaka yangu. Kaeni salama."

Émérence alisimama, kiti kikaanguka. Alicheka, akapiga makofi, akaita, "Michel!" ingawa Michel hakuwapo. Kisha akasoma mara ya pili, na kicheko kikamwisha.

Akajibu kwa vidole vinavyogongana: ni utani, mama, utani tu, Michel hana mke mwingine, anakutafuta kutwa! Akaomba namba ya simu. Akakaa mbele ya kompyuta, wateja wakisubiri, mashine ikikohoa. Saa sita Yasmine alipanda tena kilima.

"Anasema: utani wa ukoo gani? Utani anaujua, hakuzaliwa jana. Lakini mtani ana uso na ana jina la baba, wewe huna kimoja wala kingine. Wanaume wengi waliokimbia vita wameoa upya, yeye hamlaumu, ila usimchezee. Namba ya simu amekataa nisikupe. Anasema sauti ya Michel itamvunja miguu, na mtu aliyevunjika miguu hapandi boti."

Hapo Émérence alielewa anachoombwa, na akaogopa. Barabara ya kusini, ya kwenda Zongwe, ilikuwa imefungwa na wenye silaha, na boti ya kupitia Zongwe isingeondoka Kalemie kabla ya Jumatatu. Kitu pekee kilichoweza kufika juu ya kile kilima kabla ya Jumamosi ni jina lake. Lakini akilitaja, avenyu nzima italisoma. Si filimbi na mikate tu iliyomtia hofu. Ni zile barua. Nani atamletea tena barua ya siri mwanamke anayeandika watu mtandaoni? Aliapa moyoni kwamba hajawahi kutumia barua ya mteja hata mara moja. Isipokuwa mara moja, na hiyo mwenye barua aliisoma kwa sauti dirishani, sasa kosa ni la nani?

Alijaribu kuruka huku na huku. Aliandika, "Mimi ni mwanamke wa ukoo wa Mbuzi," akaona haitoshi, kwani Mbuzi wamejaa ziwa zima. Akaandika jina la shangazi yake marehemu, akaona aibu, akalifuta. Mchana Michel akatokea mlangoni.

"Mbuzi weye, mbona uso umekauka hivi?"

Akamwambia yote: blogu, mume, chumvi, Zongwe. Alitazamia kelele. Alitazamia hata kofi, na alikuwa tayari nalo.

Michel alishika mlango kwa mkono mmoja. "Yuko muzima?" aliuliza.

"Muzima. Anaanika samaki mu Zongwe."

"Anakula?"

"Sijui, Michel. Hawakuniambia."

Michel aliketi kwenye kizingiti, akakaa hapo muda mrefu, akiwazuia wateja kuingia. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Asante, Mama," akaenda zake. Hakumwita mbuzi. Hakumwita mke. Mtani wako akikuita Mama kwa adabu, ujue umemuumiza kweli, na Émérence aliona ni afadhali lile kofi.

Alhamisi saa nne, saa ya mikate ya Mama Florentine, habari mpya ilitoka Barazani Kwetu, na picha juu yake, aliyojipiga vibaya, nusu uso nusu dari.

"Mama Fulani ni mimi, Émérence binti Gaspard, wa ukoo wa Mbuzi, mwenye sekretaria karibu na kituo cha reli. Michel wa Niemba ni Chui. Babu zake na babu zangu walitukanana kabla yetu, na ndiyo sababu ananiita mke. Hajawahi kula kwangu hata kijiko, maana mimi sijui kupika, majirani ni mashahidi. Mke anayemtafuta ni mmoja, Noëlla, mwenye kovu mkono wa kushoto. Matangazo yake nimeyachapa mimi, mara tisa, na sikuweka hata moja hapa, kwa kuwa nilitaka hapa pawe pa kucheka tu. Hilo ni kosa langu, nalo halina utani. Mama Noëlla, usivuke. Wengine mnaotaka kunipiga, nipo kesho kuanzia saa mbili."

Akabonyeza, akazima kompyuta, akaenda kununua mikate, maana mtu asipigwe akiwa na njaa.

Walikuja. Papa Maliki alifika Ijumaa saa mbili kamili, akapuliza filimbi mlangoni, kisha akakumbuka filimbi ndiyo kesi yenyewe, akaificha mfukoni.

"Mama Émérence, hii filimbi yangu ilikukosea nini?"

"Hakuna, Papa. Inalia muzuri."

"Miaka mbili unachekesha watu ku Kigoma na miye! Ndugu zangu wa Kigoma wananiita Refa!"

Mama Florentine alikuja na wanakwaya wanne kama mashahidi, akasema wale wageni walikuwapo, akaulizwa na mwanakwaya wake mwenyewe walikuwa akina nani, akasema hayo yatazungumzwa kanisani. Papa André, fundi cherehani, alikuja akaichukua barua yake iliyochapwa nusu. Hiyo ilimchoma Émérence kuliko matusi yote, na aliona machozi yanakuja.

Ndipo akaingia Mama Constance, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, amekunja uso kuliko wote.

"Nimesoma yote," alisema. "Avenyu nzima umeandika. Mpaka bata ya Papa Maliki umeandika. Na miye? Miaka mbili, hata mara moja? Nilikukosea nini, Émérence?"

Watu walicheka, Papa Maliki naye akacheka kidogo kabla hajajizuia. Kisha akatoa hukumu palepale kama shefu: kuanzia leo, Mama Émérence ataandika muhtasari wa kila mkutano wa usalama, mwanzo hadi mwisho, na hataruhusiwa kuondoka mapema. Waliokwisha kuhudhuria mikutano hiyo walimwonea huruma.

Lakini kilima cha Zongwe kilikaa kimya. Jumamosi ikapita. Jumapili Michel hakuja mjini, na Jumatatu hakuja. Émérence alifungua blogu mara mia, akakuta watu wa Lubumbashi wakimpongeza kwa uso wake mzuri na dari yake chafu. Hakutaka pongezi. Alitaka neno moja kutoka kwa muuza samaki. Boti ya Kigoma ilikuwa imeondoka, hilo alilijua kila mtu bandarini, na alijiona mwanamke mjinga aliyeuza chakula chake na kicheko chake bila kumnunulia mtu chochote.

Jumanne, karibu saa tano, mwanamke mwembamba aliingia sekretaria akiwa na kapu la samaki kichwani. Alilitua juu ya mashine ya fotokopi, bila kuomba. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu.

"Weye njo Mbuzi?"

"Njo miye," alisema Émérence.

Noëlla alimtazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Haki ya Mungu. Picha ilikuhurumia." Kisha akashika meza, akaanza kulia, na Émérence akalia pia, na samaki wakanuka juu yao wote wawili.

"Nilizani umevuka," Émérence alisema alipoweza.

"Boti niliiacha iende. Nilingoja ile ya kuja huku."

Fundi wa baiskeli mmoja alikuwa ameshakimbilia kambini. Michel alifika anahema, shati amelivaa nyuma mbele, akasimama mlangoni. Wateja walitazama chini, kwa heshima, ila kwa jicho moja tu.

"Umekonda," Michel alisema.

"Na weye umenona," Noëlla alijibu. "Kumbe muke mupya anapika."

Walishikana mikono, mikono tu, hawakuachana, hata Papa Maliki alipofika na filimbi kuja kuuliza mkusanyiko huu una ruhusa ya nani.

Walipokaa na kunywa maji, Noëlla alifungua kipindo cha kitenge chake akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nyingi. Pande zote mbili ilijaa majina.

"Hawa bako Zongwe," alisema. "Bote walikimbia. Watu wao hawajui kama bako wazima. Waliposikia nakuja kwako, walinipandia hapo kilimani bote. Andika."

Émérence alitazama karatasi. Aliifikiria ile sheria yake, kwa muda wa pumzi moja hivi. Akawasha kompyuta, akafungua Barazani Kwetu, akaanza: jina, jina la baba, kijiji.

"Hapana," Noëlla alimshika mkono. "Hivyo hapana. Majina ya hivyo yamejaa ku kila ukuta, nani anasoma? Miye nilijua Michel kwa jina? Bakina Michel ni wengi. Nilimujua kwa chumvi. Andika vile unaandikaka weye. Andika na ubaya wao."

Basi wakaandika na ubaya wao. Yule anayesimulia ndoto zake mpaka watu wanahama. Yule mama aliyekimbia vita na kuku watatu akamsahau mumewe, mume akawafikia njiani. Yule babu asiyelipa kamwe bao alilofungwa. Wateja walisogea, Mama Constance akaletewa kiti, Michel akabishana na kila jambo. Papa Maliki alicheka waziwazi. Walifika upande wa pili wa karatasi, chini kabisa, kwenye jina lililoandikwa kwa kalamu tofauti.

"Na huyu? Ubaya wake gani?"

"Huyu hana bado," Noëlla alisema. "Amezaliwa Zongwe, ana mwezi moja. Mama yake njo alileta jina. Baba hajamuona, hajui hata kama mimba ilifika mwisho." Alifikiri kidogo. "Andika masikio. Ana masikio makubwa ya kutisha, na ni ya baba yake. Andika hiyo. Akisoma, atajua ni wake."